Kompyuta ikiwaka inadai antivirusi imezimwa, nikiifungua naikuta inafanya kazi: nimwamini nani?

Swali: Kompyuta yangu ya mapajani inatumia Windows 11 na antivirusi niliyoilipia. Kwa miezi miwili sasa, kila asubuhi nikiiwasha linatokea onyo kwamba ulinzi dhidi ya virusi umezimwa. Nikisubiri dakika moja au mbili onyo linatoweka lenyewe, na nikiifungua antivirusi naikuta kijani, leseni ingali hai na masasisho ni ya jana. Wiki iliyopita limeongezeka onyo la pili: kidirisha kinachochomoza chini upande wa kulia kikisema leseni imekwisha, virusi 5 vimepatikana, na kwamba nibofye hapo ili nilipie upya. Ndugu yangu mmoja amenishauri nizime arifa zote nipumzike. Je, nifuate ushauri huo?

Jibu: Ndugu msomaji, usizime arifa zote, angalau si sasa. Kwa maelezo uliyoyatoa, unasumbuliwa na maonyo mawili yasiyo na uhusiano wowote, yaliyokutana tu kwa sababu yote mawili hujitokeza wakati kompyuta inawaka. La kwanza, kwa dalili zote, limetoka kwa Windows yenyewe, ambayo imekimbilia kusema kabla haijapata habari kamili. La pili lina kila alama ya utapeli. Ukiyazima yote kwa mkupuo mmoja utakuwa umemfunga mdomo mlinzi pamoja na mwizi, na siku antivirusi yako itakapozimika kweli hapatakuwa na wa kukuambia.

Watu wengi wakikutwa na hali hii huanza kwa kuyasoma maneno ya onyo mara tatu nne, wakitafuta makosa ya tahajia au lugha isiyo ya kawaida. Zamani njia hiyo ilisaidia kidogo, lakini siku hizi haifai kitu, kwa kuwa yeyote anaweza kuandika sentensi safi, akaipamba kwa rangi nyekundu na kuichorea ngao. Yapo mambo mawili ambayo onyo haliwezi kuyaficha kirahisi, nayo ni programu iliyolitoa, na saa lilipotolewa ikilinganishwa na saa ambayo huduma za ulinzi zilianza kazi. Uchunguzi wote nitakaokueleza unazunguka mambo hayo mawili.

Nianze na onyo la kwanza. Tangu Service Pack 2 ya Windows XP ilipotoka Agosti 2004, Windows imekuwa na kituo cha usalama kinachofuatilia hali ya antivirusi na ukuta wa moto, na kumwonya mtumiaji kimoja kikikosekana. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kituo hicho hakiichunguzi antivirusi yako kwa macho yake. Antivirusi ndiyo inayojisajili kwake na kuripoti hali yake: nipo, nimewashwa, nina masasisho. Ikichelewa kuripoti, kituo hakina njia ya kupambanua kati ya antivirusi iliyozimwa na antivirusi ambayo bado inavaa viatu. Ni kama mwalimu anayeita majina wakati nusu ya darasa bado iko mlangoni, halafu akawaandika wote kuwa hawapo.

Kinachozidisha tatizo ni kwamba kituo chenyewe nacho huanza kazi kwa kuchelewa. Huduma yake, ambayo kwa jina la ndani huitwa wscsvc, imepangwa kuanza yenyewe lakini si pamoja na kundi la kwanza. Huduma za aina hiyo kwa kawaida husubiri kama sekunde 120 baada ya zile za awali kuanza, ili mtumiaji asikae muda mrefu akitazama skrini tupu. Ndani ya dakika hizo mbili kuna vitu vitatu vinavyokimbizana: alama ya ngao karibu na saa, ambayo huonekana mara unapoingia, huduma ya kituo, ambayo bado imelala, na antivirusi yako, ambayo inapakia hifadhidata yake kubwa ya alama za virusi kutoka diskini. Ngao ikifika kwanza na kukuta hakuna wa kumjibu, hupiga kelele. Wenzake wakishafika, hunyamaza. Dakika moja au mbili unazozitaja zinaingia humo humo, na ndiyo sababu nimeanza kwa kulitilia onyo hili tafsiri nzuri.

Hata hivyo, tafsiri nzuri si ushahidi, na ushahidi unao ndani ya kompyuta yako. Bofya kulia kitufe cha Start, fungua Event Viewer, ingia kwenye kumbukumbu za Windows na uchague zile za Application. Panga orodha kwa chanzo, kisha utafute mistari ambayo chanzo chake kimeandikwa SecurityCenter. Mstari wenye namba ya tukio 1 huandikwa pale huduma ya kituo inapoanza. Mstari wenye namba 15 huandikwa kila mara programu ya ulinzi inaporipoti hali yake. Ukiubofya utaona jina la antivirusi yako na, mwishoni mwa sentensi, neno refu la herufi kubwa, SECURITY_PRODUCT_STATE, likifuatiwa na ON ikiwa imewashwa au OFF ikiwa imezimwa. Kesho asubuhi weka kalamu na karatasi karibu. Andika saa, dakika na sekunde onyo linapotokea, na tena linapotoweka. Kisha linganisha. Ikiwa mstari wa ON umeandikwa sekunde chache kabla ya onyo kutoweka, na hakuna mstari wowote wa OFF kati ya kuwaka kwa kompyuta na hapo, basi antivirusi haikuzimwa. Ilichelewa tu kuitika. Ikiwa unakuta OFF, kisha ON, kisha OFF tena, hilo ni jambo jingine: huenda huduma ya antivirusi inaanguka na kufufuliwa, na kwa hapo onyo linasema kweli.

Kabla hujafanya kipimo hicho, kuna kikwazo kimoja kinachowapoteza hata mafundi wazoefu. Tangu Windows 8, kompyuta nyingi zinapozimwa kwa Shut down hazizimiki kabisa. Kiini cha mfumo pamoja na huduma zake huandikwa diskini kama vilivyo, na asubuhi huamshwa kutoka hapo badala ya kuanzishwa upya. Ndiyo maana kuwaka huonekana kwa haraka. Maana yake ni kwamba hitilafu ndogo iliyoingia Jumatatu inaweza kuamka nawe Ijumaa, ingawa umezima kompyuta kila usiku. Kinyume na watu wanavyodhani, Restart ndiyo inayoanzisha kila kitu upya. Kwa hiyo fanya kipimo mara mbili, mara moja baada ya Restart na mara moja baada ya kuzima na kuwasha. Onyo likija baada ya kuzima na kuwasha tu, lakini lisije kamwe baada ya Restart, umeshampata mshukiwa: ingia Control Panel, kwenye sehemu ya umeme inayopanga kazi za kitufe cha kuwashia, uondoe alama ya vema kwenye Turn on fast startup, kisha utumie kompyuta hivyo kwa siku tatu nne. Utapoteza sekunde kadhaa kila asubuhi. Kwa maoni yangu, kompyuta yenye diski ya SSD haina sababu kubwa ya kuzililia sekunde hizo.

Bado kuna swali ambalo ningependa ulijibu kwa vitendo badala ya kunisadiki: je, katika dakika ile ya onyo, ulinzi upo au haupo? Kwa kazi hiyo kuna faili la majaribio la EICAR, ambalo si kirusi bali ni mfuatano wa herufi 68 ambao watengenezaji wa antivirusi wamekubaliana kuutambua kana kwamba ni kirusi, ili watu waweze kujaribu ulinzi wao bila hatari. Mfuatano huo unapatikana kwenye tovuti ya EICAR wenyewe. Shida ni kwamba ukiuhifadhi wote, antivirusi itaufuta papo hapo na hutakuwa nao asubuhi. Mimi huugawa vipande viwili ndani ya faili la maandishi, kipande kimoja juu na kingine chini, na hapo hakuna antivirusi inayoutambua. Onyo linapotokea, fungua Notepad, viunganishe vipande hivyo katika mstari mmoja usio na nafasi mwanzoni, kisha uhifadhi kwa jina linaloishia na .com. Antivirusi ikilinyakua faili hilo huku onyo jekundu lingali kwenye skrini, umeona kwa macho yako kwamba onyo limepitwa na wakati. Isipolinyakua hadi onyo liondoke, basi kwa dakika hiyo kweli huna ulinzi kamili, na itakubidi, mpaka tatizo litatuliwe, usichomeke flashi wala kufungua viambatisho vya barua pepe kabla ngao haijawa kijani.

Sasa tuje kwenye tiba ya onyo hili. Hatua ya kwanza ni kusasisha antivirusi yenyewe, yaani toleo la programu na si orodha ya virusi peke yake. Vitu hivyo viwili huchanganywa mara nyingi. Orodha ya virusi inaweza kuwa ya leo huku programu ikiwa ya mwaka juzi, iliyotengenezwa kabla ya masasisho makubwa ya Windows uliyoyapokea tangu hapo. Miezi miwili unayoitaja inanifanya niulize ni nini kilibadilika wakati huo. Fungua historia ya masasisho ya Windows katika mipangilio na uangalie tarehe. Ukikuta sasisho kubwa katika wiki ile ile, sasisha antivirusi, na kama haitoshi iondoe kabisa na uisakinishe upya kwa faili jipya kutoka tovuti ya mtengenezaji wake.

Hatua ya pili ni kupunguza foleni. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, ingia sehemu ya programu zinazoanza na kompyuta, na uzime zile usizozihitaji kila asubuhi: za mikutano ya video, za michezo, za kusasisha printa, na kadhalika. Kila moja inagombania diski ile ile ambayo antivirusi inaihitaji kupakia hifadhidata yake. Usiguse zenye jina la antivirusi, wala ile ya Windows Security. Na ukikutana mahali na ushauri wa kubadilisha rejista, yaani hifadhi ya ndani ya mipangilio ya Windows, ili wscsvc ianze mapema, upuuze. Microsoft wamefunga mpangilio huo usibadilishwe kwenye orodha ya kawaida ya huduma, na wana sababu, kwani programu hasidi hupenda kuanzia hapo hapo.

Hatua ya tatu inahusu mabaki. Kompyuta nyingi huuzwa zikiwa na antivirusi ya majaribio, ambayo baadaye mnunuzi huiondoa, au hudhani ameiondoa. Jina lake linaweza kubaki kwenye daftari la kituo cha usalama, na kila kompyuta inapowaka Windows huliita jina la marehemu na kukosa jibu. Fungua Windows Security, ingia kwenye mipangilio yake, na ubofye Manage providers; hapo utaona kila antivirusi iliyosajiliwa na hali yake. Inapaswa kuwemo yako, pamoja na Microsoft Defender ambayo hujiweka pembeni yenyewe inapoona nyingine imewashwa. Ukikuta jina la tatu, usisakinishe chochote kipya kabla hujalisafisha. Watengenezaji wakubwa, kama vile McAfee, Norton na Avast, wana kifaa maalumu cha kuondoa mabaki ya bidhaa zao ambacho hutolewa bure kwenye tovuti zao, na hicho hufanya kazi ambayo njia ya kawaida ya kuondoa programu huiacha nusu.

Ikiwa orodha hiyo ni tupu kabisa au inakataa kufunguka, huenda hifadhi ya WMI, ambamo taarifa hizi huwekwa, imeharibika. Fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike winmgmt /verifyrepository. Jibu likisema hifadhi iko sawa, achana nayo. Likisema haiko sawa, amri winmgmt /salvagerepository hujaribu kuiokoa. Ni nadra kufikia huko.

Niruhusu nitaje kisababishi kimoja ambacho hakikuhusu moja kwa moja, kwa sababu kilinipotezea siku nzima. Niliwahi kuitwa kwenye kompyuta ya mezani ambayo kila asubuhi ilidai masasisho ya antivirusi yamepitwa na wakati, kisha baada ya dakika chache ikatulia. Nilisasisha, nikaondoa, nikasakinisha upya, bila mafanikio. Jioni, kwa bahati tu, macho yangu yaliangukia tarehe iliyo pembeni sekunde chache baada ya kuiwasha: ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa. Betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mkuu, ya aina ya CR2032, ilikuwa imekufa, hivyo kila umeme ulipokatwa saa ilijisahau. Antivirusi ilikuwa ikiona masasisho ya tarehe isiyofika na vyeti vya kidijitali ambavyo muda wake bado haujaanza, ikachanganyikiwa. Kisha saa ilipojirekebisha kupitia intaneti, kila kitu kikawa shwari. Wewe una kompyuta ya mapajani, ambayo mara chache hukosa umeme kabisa, lakini kutupia jicho tarehe mara tu inapowaka hakukugharimu kitu.

Tugeukie onyo la pili. Hapa sina haja ya kukuomba utafute ushahidi mwingi, kwa kuwa linapingana na jambo ulilolithibitisha mwenyewe: umefungua antivirusi na kukuta leseni ingali hai. Programu moja haiwezi kukuambia kwa mdomo mmoja kwamba leseni ni hai na imekwisha. Kwa hiyo kuna msemaji mwingine anayejifanya yeye. Kwa uzoefu wangu, maonyo ya namna hii, yanayochomoza chini kulia kama arifa za kawaida na kutaka malipo, kwa sehemu kubwa si kirusi wala programu iliyoingia kwenye kompyuta. Ni arifa za tovuti. Siku fulani ulikuwa kwenye tovuti, labda ya kutazama mpira au kupakua kitabu, ukaulizwa kama unairuhusu ikutumie arifa, au ukaambiwa ubofye Allow ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Ukabofya. Tangu hapo tovuti ile ina haki ya kukutumia ujumbe wowote itakao kupitia kivinjari, hata ukiwa umeifunga.

Na kwa nini hujitokeza kompyuta inapowaka, hali hujafungua kivinjari? Ni kwa sababu vivinjari vingi hujianzisha vyenyewe nyuma ya pazia. Chrome ina mpangilio wa kuendelea kufanya kazi hata baada ya kufungwa, na Edge ina wa kujiandaa mapema ili ifunguke haraka. Kivinjari kikishaamka na kupata intaneti, ujumbe uliokuwa ukingoja usiku kucha humiminika. Ukilitazama onyo kwa karibu, bila kulibofya katikati, utaona jina la kivinjari na, kwa herufi ndogo zilizofifia, anwani ya tovuti iliyolituma. Mara nyingi anwani hiyo huwa ni mchanganyiko wa maneno usio na maana. Antivirusi halisi haiongei nawe kwa jina la kivinjari.

Likitoweka haraka mno, fungua kituo cha arifa kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na N. Huenda bado limo, limepangwa chini ya jina la mwenyewe. Na ikiwa ni dirisha kamili lisilo na jina, kuna kifaa cha bure cha Microsoft kiitwacho Process Explorer, chenye alama ndogo ya shabaha juu yake. Shika shabaha hiyo kwa kipanya, iburute hadi juu ya dirisha linalokutia shaka, na uiachie. Mara moja kifaa kitakuonyesha kwenye orodha mchakato unaolimiliki dirisha hilo na faili lake lilipo diskini. Nimewahi kuwaona watu wazima wakicheka kwa sauti walipogundua kwamba kirusi kilichowanyima usingizi kilikuwa ni kivinjari chao wenyewe.

Kuliondoa ni kazi ya dakika mbili. Katika Chrome, andika chrome://settings/content/notifications kwenye sehemu ya anwani. Katika Edge, ingia mipangilio, kisha ruhusa za tovuti, kisha arifa. Utaiona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Ondoa kila ambayo huikumbuki, na ile uliyoiona kwenye onyo izuie kabisa badala ya kuiondoa tu, ili isiweze kukuomba tena. Hapo hapo chagua tovuti zisiruhusiwe kuomba ruhusa ya arifa. Kisha pitia viendelezi vya kivinjari, uondoe usivyovitumia. Huu ndio unyamazishaji ambao ndugu yako angekuwa sahihi kuushauri.

Onyo likirudi baada ya hapo, au Process Explorer ikikuonyesha faili ambalo si kivinjari wala antivirusi yako, mambo yamebadilika na inabidi tulichukulie kuwa programu hasidi. Pakua Autoruns, ambayo pia ni ya Microsoft, kwenye menyu yake washa uhakiki wa saini za faili, ficha vya Microsoft, na usome kilichobaki. Autoruns huonyesha sehemu nyingi zaidi ya Task Manager, zikiwemo kazi zilizopangwa kujiendesha kwa saa maalumu, ambako programu za kitapeli hupenda kujibanza. Ondoa alama ya vema kwenye kitu unachokishuku. Usikifute, ili ukikosea uweze kukirudisha. Kisha, kwenye Windows Security, endesha uchunguzi wa Microsoft Defender Offline. Kompyuta itajizima na kuwaka katika mazingira tofauti, ichunguze diski kwa takriban dakika 15 kabla ya Windows kuanza, wakati ambapo programu hasidi haijapata nafasi ya kujificha.

Utapeli huu una historia ndefu. Kundi moja lililouza programu kama WinFixer na XP Antivirus kwa kuwaonyesha watu uchunguzi wa uongo lilishitakiwa na Tume ya Biashara ya Marekani mwaka 2008, na mwaka 2012 mahakama ikaamuru malipo ya zaidi ya dola milioni 163. Hata maduka yanayoheshimika hayakusalimika: mwaka 2019 kampuni za Office Depot na Support.com zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35, baada ya tume hiyo hiyo kudai kwamba kifaa chao cha kukagua kompyuta kilitangaza dalili za programu hasidi si kwa kuchunguza chochote, bali kwa sababu mteja alijibu ndiyo kwa moja ya maswali manne aliyoulizwa mwanzoni, kwa mfano kama kompyuta yake ni nzito. Kwa hiyo anayekuonyesha idadi ya virusi kabla hujamwona akichunguza, hata akiwa na nembo nzuri, mwulize amevipata wapi. Na onyo likiwa na namba ya simu ya kupiga, hakuna cha kuuliza tena: Microsoft husema wazi kwamba maonyo yake hayawi na namba ya simu hata mara moja.

Hukusema kama uliwahi kubofya onyo hilo. Kubofya na kufunga ukurasa hakudhuru sana. Ukiwa uliingiza namba za kadi, pigia benki yako simu leo hii, wazuie kadi hiyo. Ukiwa ulipakua kitu na kukisakinisha, au ulimruhusu mtu aingie kwenye kompyuta yako kutoka mbali, ikate intaneti kwanza, fanya uchunguzi wa Defender Offline niliouelezea, na ubadilishe manenosiri yako kwa kutumia kifaa kingine, ukianza na la barua pepe. Katika hali hiyo ya mwisho mimi binafsi huhamisha nyaraka na kusakinisha Windows upya, ingawa wapo mafundi watakaokuambia ni kupita kiasi.

Kwa utaratibu, anza leo na arifa za kivinjari, kwa kuwa ni kazi nyepesi na itakupunguzia kelele moja. Kesho fanya Restart na uchukue vipimo vya saa. Keshokutwa zima na uwashe, uchukue tena. Nikipata kutoka kwako mistari ya tukio namba 15 ya asubuhi zote mbili, pamoja na saa ulizoziandika kwenye karatasi na majina yaliyomo kwenye Manage providers, nitaweza kukuambia kama ni antivirusi inayochelewa au ni mabaki ya ile iliyokuja na kompyuta, bila kubahatisha.